Nani Mwenye Dirisha? Mjadala wa Programu za Nje katika Ulimwengu Pepe

Kata ya Makere iko katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, kando ya barabara iunganishayo miji ya Kasulu na Kibondo. Hapo, kama ilivyo katika sehemu nyingine nyingi za Tanzania, si ajabu kumkuta mwanafunzi wa sekondari ambaye simu yake ina alama mbili zinazofanana: moja ni ya WhatsApp, na ya pili ni ya programu iitwayo GBWhatsApp. Akiulizwa tofauti yake, atajibu kwamba ile ya pili ina mambo mengi zaidi. Akiulizwa ni nani aliyeitengeneza, aghalabu hatakuwa na jibu.

Programu ya namna hiyo ni programu ya nje. Maana yake ni kwamba haikutengenezwa na mwenye huduma, wala na mtumiaji wa huduma, bali na mtu mwingine aliyesimama kati yao. Je, mtu huyo ana haki ya kusimama hapo? Na akisimama, aaminiwe kwa kiasi gani? Maswali haya hayakuanza na simu za mkononi. Yalijadiliwa kwa kirefu, na wakati mwingine kwa hasira, na wakazi wa ulimwengu pepe uitwao Second Life, hasa kati ya mwaka 2006 na 2012. Mjadala huo unafaa kuchunguzwa darasani kwa kuwa ulifanyika hadharani, na matokeo yake yaweza kufuatwa hatua kwa hatua.

Ulimwengu uliomo katika orodha

Second Life ilifunguliwa kwa umma mwezi Juni 2003 na Linden Lab, kampuni ya San Francisco iliyoanzishwa na Philip Rosedale mwaka 1999. Wengi huihesabu kuwa mchezo, ingawa haina mshindi wala mwisho. Mtu huingia humo kwa umbo alilojichagulia, akatembea, akazungumza na wengine, akajenga nyumba, akashona nguo na kuziuza. Ardhi yake imegawanywa katika mitaa ya mraba, kila mmoja ukiwa na upande wa mita 256. Yaani mita za mraba 65,536, au karibu ekari 16, eneo ambalo mkulima wa mahindi na maharage wa Kasulu asingelidharau. Sarafu yake huitwa Linden, nayo hubadilishwa kwa fedha halisi. Kwa miaka mingi dola moja ya Marekani ilipata Linden kama 250 hivi. Jambo la kukumbukwa zaidi ni kwamba mnamo Novemba 2003 kampuni ilitangaza kuwa mkazi anayebuni kitu humo atabaki na haki zake za ubunifu. Tangu hapo kiti, kanzu au nyumba iliyobuniwa ikawa mali yenye mwenyewe.

Lakini ulimwengu huo uko wapi hasa? Katika seva, yaani kompyuta za kampuni, hamna milima wala nyumba. Mna orodha ndefu tu. Orodha hiyo husema kwamba kuna kitu fulani, umbo lake ni hili, rangi yake ni ile, kiko mita kadhaa kutoka pembe ya mtaa, na mwenyewe ni fulani. Seva hutuma sehemu ya orodha kwa kila mkazi, na programu iliyomo katika kompyuta ya mkazi ndiyo huichora orodha hiyo ikawa mandhari. Programu hiyo yaweza kuitwa kitazamio. Seva hupeleka habari. Kitazamio huamua namna habari hizo zitakavyoonekana. Bila kulielewa jambo hili mjadala wote uliofuata hautaeleweka.

Mwalimu aweza kulionyesha kwa karatasi ya miraba na kalamu za rangi, pasipo kompyuta yoyote. Mwanafunzi mmoja awe seva. Ashike daftari lenye mistari kama vile: "Nyumba, nyekundu, safu ya 3, mstari wa 4", "Mti, kijani, safu ya 7, mstari wa 2". Wanafunzi watatu wawe vitazamio. Wakae wasionane, na kila mmoja achore kwa kusikiliza seva peke yake. Wa kwanza na afuate maagizo yalivyo. Wa pili apewe kwa siri kanuni ya ziada: kila mti umchore kwa ukubwa maradufu. Wa tatu achore kama wa kwanza, lakini kila anachosikia akiandike pia katika karatasi nyingine na kuificha mfukoni. Kisha michoro ilinganishwe. Darasa litatambua upesi kosa la wa pili. La wa tatu halitatambuliwa hata kidogo, maana mchoro wake ni sahihi kabisa. Na seva, aliyewasomea wote maneno yale yale, hana njia ya kujua ni yupi aliyefanya nini.

Kasheshe ya CopyBot

Mwaka 2006 kikundi cha waandishi wa programu kilikuwa kikichunguza lugha ambayo seva na vitazamio vya Second Life hutumia kuwasiliana. Mradi wao uliitwa libsecondlife, na kampuni haikuuzuia. Uchunguzi wa namna hiyo husaidia kugundua makosa. Miongoni mwa zana zilizotokana na kazi hiyo ilikuwamo CopyBot, programu iliyoweza kuiga kitu chochote ilichokiona.

Ilipoanza kutumiwa na watu wasio wa kikundi hicho, Novemba 2006, wafanyabiashara wa Second Life walishtuka. Mtu aliyetumia wiki mbili kubuni kanzu aliweza kuona nakala yake ikivaliwa na mtu asiyelipa hata Linden moja. Maduka mengi yalifungwa kwa muda ili kupinga. Wenye libsecondlife waliiondoa CopyBot katika hazina ya mradi wao, na kampuni ikatangaza kwamba mtu atakayeitumia kunakili mali ya mwenzake bila idhini atakuwa amevunja masharti na aweza kufukuzwa.

Wengi walidai kampuni iizuie kabisa programu hiyo isiweze kufanya kazi. Dai hilo, kwa upande wa sayansi, haliwezekani kutimizwa kikamilifu, na mwanafunzi wa tatu wa jaribio lile ndiye mfano wake. Ili kanzu ionekane, maelezo yake hayana budi kufika katika kompyuta ya mtazamaji. Na kilichokwisha kufika chaweza kuhifadhiwa. Seva yaweza kukataa kuuza, kukataa kuhamisha umiliki, hata kumfukuza mtu. Haiwezi kukionyesha kitu na papo hapo kukificha. Kwa hiyo, ulinzi uliobaki ulikuwa wa sheria na wa kijamii, na baadhi ya wakazi hawakuridhika nao kamwe.

Mlango kufunguliwa

Kwa mshangao wa wengi, tarehe 8 Januari 2007, miezi miwili tu baada ya kasheshe hiyo, Linden Lab ilitoa hadharani maandishi ya programu ya kitazamio chake chini ya leseni huria ya GPL. Tangu siku hiyo mtu yeyote mwenye ujuzi aliweza kuyasoma, kuyarekebisha, na kutoa kitazamio chake mwenyewe. Waliopinga walisema kampuni imewapa wezi funguo. Waliounga mkono walijibu kwamba CopyBot ilitengenezwa kabla ya maandishi hayo kutolewa, na kwamba wezi hawakuwa wakingojea ruhusa. Jibu hilo lilikuwa sahihi.

Faida zilionekana mapema. Wakazi wenye kompyuta dhaifu walipata vitazamio vyepesi. Radegast, ambacho huweza kufanya kazi kwa maandishi badala ya picha, kiliwafaa watu wasioona, ambao kwao mandhari yenye rangi haina maana lakini mazungumzo yana maana kubwa. Makosa ambayo kampuni iliyaacha kwa muda mrefu yalirekebishwa na watu wa kujitolea. Hata ulinzi wa faragha ulipata faida: mwaka 2011 ilipogunduliwa kwamba kifaa kiitwacho RedZone kilikuwa kikitumia muziki na video za mtaani kukusanya anwani za mtandao za wapita njia, vilikuwapo vitazamio vya nje vilivyokuwa na kichujio cha kumwuliza mkazi kabla ya kupokea muziki wowote. Anayedhani kwamba programu ya nje ni hatari kwa asili yake, na ya mwenye huduma ni salama kwa asili yake, atatatizwa na mfano huu.

Habari ya Emerald

Kufikia mwaka 2010 kitazamio cha nje kilichopendwa kuliko vingine kiliitwa Emerald. Kilitolewa na kikundi cha watu wa kujitolea, na kilikuwa na mengi ambayo kitazamio rasmi hakikuwa nayo. Mwezi Februari mwaka huo kampuni ilitoa kwa mara ya kwanza kanuni za vitazamio vya nje, pamoja na orodha ya vile vilivyokubali kuzifuata. Emerald kilikuwamo.

Mashaka yalianza kwa sehemu moja ya programu ambayo maandishi yake hayakuwa wazi. Ndani ya kitazamio kilichojiita huria, palikuwa na kipande kilichofungwa, na uchunguzi ulionyesha kwamba kipande hicho kilificha ndani ya picha za umbo la mkazi habari kuhusu mahali programu ilipowekwa katika kompyuta yake. Habari hizo zaweza kuonekana ndogo. Lakini katika kompyuta nyingi njia ya kufikia programu huwa na jina la mwenye kompyuta, na katika ulimwengu ambao watu hutumia majina ya kubuni, jina halisi si jambo dogo.

Pigo kubwa lilikuja Agosti 2010. Iligunduliwa kwamba ukurasa wa kuingilia wa Emerald, ule ambao kila mtumiaji aliuona kabla ya kuandika neno lake la siri, ulikuwa umewekewa viungo visivyoonekana. Kila mara mkazi alipofungua kitazamio, kompyuta yake iliomba kurasa, bila yeye kujua, kutoka katika tovuti ya mtu aliyekuwa mpinzani wa kikundi hicho. Ombi moja halimdhuru mtu. Maombi ya maelfu ya watumiaji, kila siku, huilemea tovuti. Watumiaji waliochukia vurugu za mtandaoni kuliko wote walijikuta wameshiriki katika shambulio. Linden Lab ilikiondoa Emerald katika orodha yake mwezi huo huo, na Septemba ikakizuia kabisa kuingia.

Hakuna aliyeiba neno la siri katika tukio hilo, wala fedha. Uzito wake uko kwingine: ilidhihirika kwamba mamia ya watu walioisifu programu hiyo walikuwa wakisifu sura yake, na kwamba neno "huria" lilikuwa limechukuliwa kama hirizi. Maandishi kuwa wazi hayamlindi mtu iwapo programu anayoipakua haikutokana na maandishi hayo hayo, au iwapo hakuna anayeyasoma.

Sehemu ya waliokuwa katika kikundi hicho walijitenga, wakatoa kitazamio kilichoitwa Phoenix, na baadaye Firestorm. Firestorm kilikuja kupendwa na wakazi wengi kuliko kitazamio rasmi chenyewe, jambo ambalo wapinzani wa mwaka 2007 hawakulitazamia.

Mandhari ya pamoja

Mjadala wa mwisho ulihusu mandhari yenyewe, na kwa mawazo ya wengi ndio mgumu zaidi. Emerald kilikuwa kimewawezesha watumiaji wake kuvaa vitu zaidi ya kimoja mahali pamoja mwilini, kwa mfano mkufu na skafu shingoni. Kati yao wenyewe walionekana nadhifu. Waliotumia kitazamio rasmi waliviona vitu hivyo mahali pasipo pake, vikielea hewani. Ndiye mwanafunzi wa pili wa jaribio: orodha ni moja, michoro ni miwili, na kila mmoja anaamini kwamba wake ndio sahihi.

Februari 2012 kampuni iliongeza kifungu katika kanuni zake: kitazamio cha nje kisibadilishe hali inayoonwa na wote kwa pamoja kwa namna ambayo watumiaji wa kitazamio rasmi hawawezi kuipata. Kadhalika kilikatazwa kumwonyesha mtu kuwa yuko mtandaoni iwapo mwenyewe amechagua kufichwa. Kifungu cha pili kilipokelewa vizuri na wengi. Cha kwanza kilileta malalamiko mengi. Watengenezaji wa nje walisema kwamba ubunifu sasa utangojea kasi ya kampuni. Wengine walijibu kwamba ulimwengu ambao watu wawili waliosimama pamoja hawauoni sawasawa si ulimwengu mmoja tena. Kila upande ulikuwa na hoja. Hata hivyo hoja ya pili ni nzito zaidi kuliko ilivyodhaniwa wakati ule, maana inahusu haki ya mtu ambaye hakuchagua programu hiyo hata kidogo.

Kwingineko mambo yalichukua njia ya mahakama. Blizzard, kampuni ya mchezo wa World of Warcraft, huruhusu programu ndogo za nyongeza, lakini mwaka 2009 ilikataza zisiuzwe. Iliishtaki pia MDY Industries kwa kuuza Glider, programu iliyomchezea mtu mchezo huku mwenyewe akiwa amelala. Desemba 2010 mahakama ya rufani ya Marekani iliamua kwamba kuvunja masharti ya mchezo kwa namna hiyo si kuvunja hakimiliki, lakini kuuza chombo cha kukwepa kinga yake ni kosa. Hukumu hiyo ilizipa pande zote mbili nusu ya kila kitu, na wanasheria bado huibishania.

Kurudi Makere

WhatsApp haina milima wala kanzu, lakini ina seva na ina kitazamio. Kwa hiyo yote yaliyokwisha kuelezwa yanaihusu. Tofauti moja kubwa ni kwamba mwenye huduma hakutoa maandishi ya programu yake kwa umma, wala hana orodha ya vitazamio vya nje anavyovikubali. GBWhatsApp na ndugu zake hutengenezwa kwa kuifungua programu rasmi na kuibadilisha. Kampuni iliwafungia watumiaji wa WhatsApp Plus kwa saa 24 mnamo Januari 2015, na mwaka 2019 ikawafungia tena kwa muda watumiaji wa programu za aina hiyo.

Kwa nini watu huzipenda? Sababu zao si za kipuuzi. Katika nchi ambayo simu za laini mbili ni za kawaida, mtu alihitaji akaunti mbili katika simu moja, na programu za nje zilimpa miaka mingi kabla ya WhatsApp yenyewe kutangaza jambo hilo Oktoba 2023. Wengine walitaka kuficha kwamba wamesoma ujumbe.

Hapana budi, hata hivyo, kueleza jambo ambalo wanafunzi wengi hulielewa visivyo. Tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp hufumbwa kutoka mwisho mmoja hadi mwisho mwingine, hata seva isiweze kuusoma. Mwanafunzi husikia hivyo akadhani kwamba ujumbe wake uko salama katika programu yoyote. Lakini huo "mwisho" ni nini? Ni kitazamio chenyewe. Ujumbe hufumbuliwa ndani yake ili usomwe; funguo zimo ndani yake. Aliyetengeneza kitazamio amekaa upande wa ndani wa kufuli. Wataalamu wa kampuni ya usalama ya Kaspersky walionyesha hatari hiyo kwa mifano: mwaka 2021 walikuta kirusi kiitwacho Triada katika toleo la FMWhatsApp, na mwaka 2022 wakakuta toleo la YoWhatsApp likituma kwa watu wa nje funguo za akaunti ya mtumiaji.

Simu ya Android ina kinga yake ya kisayansi. Kila programu hubeba sahihi ya kihesabu ya mtengenezaji, ambayo mtu mwingine hawezi kuigiza bila kuwa na ufunguo wake wa siri. Simu haitakubali programu yenye sahihi nyingine ichukue nafasi ya ile ya kwanza. Ndiyo sababu programu iliyobadilishwa ama hubeba jina jingine na kukaa kando ya ile rasmi, ama humtaka mtumiaji aiondoe ile rasmi kwanza. Nayo aghalabu hupatikana kwa kutumiana faili, nje ya duka la programu. Mwanafunzi anapoambiwa na simu kwamba faili hilo limetoka mahali pasipojulikana, anaonywa kuhusu mahali lilipotoka, wala hasomewi matokeo ya hesabu hiyo.

Na lile swali la mandhari ya pamoja? Programu nyingi za aina hiyo humwezesha mtumiaji kuendelea kuuona ujumbe ambao aliyeuandika ameufuta. Na ichukuliwe mathalani kikundi cha wazazi na walimu, au cha kuweka na kukopa, chenye watu 40, ambamo mmoja tu ametia programu ya nje. Wale 39 wanaamini kwamba kufuta ni kufuta. Kwao ndivyo ilivyo, kwake sivyo. Iwapo programu hiyo inapeleka habari kwingine, basi inapeleka pia majina, namba na maneno ya watu 39 ambao hawajawahi kuisikia.

Katika Kata ya Makere jambo hili lina uzito wa pekee. Hapo ndipo ilipo kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na iliyopokea Warundi wengi kuanzia mwaka 2015. Kwa mtu aliyekimbia, orodha ya namba za simu ni ramani ya jamaa zake: nani yuko hai, yuko wapi, na nani huwasiliana naye. Wako ambao wangependa kuipata ramani hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika nchini Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inampa wajibu yule anayekusanya taarifa za watu. Lakini ili awajibishwe, sharti kwanza ajulikane, na mtengenezaji wa programu ya nje aghalabu hana jina wala anwani.

Mwalimu apendaye kuendeleza somo aweza kuwataka wanafunzi wafungue mipangilio ya simu na kuandika ruhusa zote ilizopewa kila programu ya mawasiliano: kusoma namba za simu, kutumia kamera, kutumia kipaza sauti, kujua mahali. Kisha, kando ya kila programu, waandike jina la mtengenezaji na mahali ilipopatikana. Wasiojaza safu hiyo ya mwisho wasihukumiwe mbele ya wenzao. Wapewe siku mbili wakatafute.